Neno lililoanzia kichwani

Nawashukuru kwa kuja. Leo nitakaa na neno moja tu la Kiingereza, "dull", kwa sababu kwenye zoezi la wiki iliyopita "dull day" imerudi kwangu ikiwa "siku butu". Sisi siku kama hiyo tunasema mbingu imefunga.

Kamusi zinawapotosha kwa kuanza na kisu. Neno hili halikuanzia kwenye kisu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "dol", yaani mpumbavu. Kwenye karne ya 13 likahamia kwenye makali ya vyuma, karne ya 15 likafika kwenye rangi zilizofifia, na mambo ya kuchosha yakafuata. Sisi tumepita njia ya pili: tukisema fulani ana akili butu, tumeazima kwenye kisu. Ndiyo maana neno lao moja linatudai maneno mengi. Biashara ni doro, rangi imepauka, hotuba inachosha, maumivu ni ya chinichini.

Ndugu yake wa Kijerumani, "toll", ananivutia zaidi. Zamani alimaanisha mwenye wazimu, na hadi leo kichaa cha mbwa Wajerumani wanakiita "Tollwut". Lakini kijana wa Berlin akifurahia kitu anasema "toll!", yaani safi sana. Msishangae. Nasi mchezaji akitupendeza tunasema huyu ni balaa, huyu ni hatari.

Sasa ile methali ya Jack mliyokaririshwa shuleni, kwamba kazi bila mchezo humfanya Jack kuwa "dull boy". Mwandishi James Howell aliichapa mwaka 1659, na "dull boy" wa humo ni mtoto aliyedumaa akili. Maana hiyo kongwe ingali hai katika shule zetu. Mwalimu akimwita mtoto "dull", hasemi kwamba mtoto anachosha. Anasema hana akili, na mtoto anaelewa hivyo hivyo.

Tafsiri yangu ya kwanza maishani ilikuwa ya neno hili. Nilikuwa darasa la tano, limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye ripoti yangu. Mama hakujua Kiingereza, akaniomba nimsomee. Nikamwambia, "Mama, wameandika mimi ni mpole." Akaikunja ile karatasi vizuri, akaiweka sandukuni pamoja na kanga zake.