Kuzuia Oili Kuvuja kwenye Ekseli ya Nyuma ya Land Rover Series III

Karibu, ndugu mtazamaji. Gari lililo mbele yetu ni Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, toleo lililoundwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985 na ambalo bado linafanya kazi katika mashamba mengi ya Afrika Mashariki. Linavuja kwenye tairi la nyuma la kushoto. Sogea uone upande wa ndani wa tairi: vumbi limegandamana na kufanya utepe mweusi unaoshuka kutoka katikati hadi kwenye ukingo wa rimu.

Kabla ya kushika spana, hakikisha unajua kinachovuja. Chukua tone kwa kidole, ulisugue, kisha ulinuse. Oili ya difu, yaani ya gia zilizo katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, ni nzito na ina harufu kali ya salfa, ilhali mafuta ya breki ni mepesi, huondoka kwa maji na huharibu rangi ya gari. Ukikuta mafuta ya breki, kasoro iko kwenye silinda ya breki, na kubadilisha sili (pete inayozuia oili) ya habu, yaani kitovu cha tairi, hakutakusaidia chochote.

Sasa tazama juu ya ekseli, karibu na difu. Hiki kidude kidogo kilichofungwa hapa ndicho kipumulio, na ninakuomba uanze nacho kila mara, kwa sababu mafundi wengi hukipita bila kukiangalia. Difu ikipata moto, hewa iliyomo ndani hutanuka na kutafuta njia ya kutokea. Kipumulio kikiwa kimezibwa na matope, hewa hiyo huisukuma oili ipite kwenye sili, hata kama sili ni mpya. Kifungue, kioshe kwa mafuta ya taa, kisha kitikise karibu na sikio. Ukisikia gololi ndogo ikicheza ndani, kinafaa. Kikiwa kimya, weka kingine. Pima pia kiasi cha oili gari likiwa mahali tambarare: inapaswa kuishia kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia na si kuzidi hapo.

Tunakuja kwenye usalama, na hapa nakusihi usikilize vizuri. Hendibreki ya gari hili haishiki matairi, bali inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Ukiinua tairi moja la nyuma, au ukichomoa shafti moja ya ekseli, difu inaachia na gari linaweza kubingirika hata kama umevuta hendibreki hadi mwisho. Kwa hiyo weka kabari imara mbele na nyuma ya matairi ya mbele, legeza nati za tairi, inua gari kwa jeki, kisha liketishe kwenye stendi iliyo chini ya ekseli. Usifanye kazi gari likiwa limebebwa na jeki peke yake.

Toa tairi, kisha fungua bolti sita za flenji, kile kisahani cha chuma kilicho katikati ya habu. Weka beseni chini, uvute flenji, nayo itatoka pamoja na shafti yake. Legeza breki, ondoa skrubu tatu za dramu, na uitoe dramu. Nyoosha ukingo wa washa ya kufungia kwa patasi, ufungue nati mbili kubwa kwa spana ya boksi ya milimita 52, halafu uvute habu ukiwa umeikinga beringi ya nje kwa kiganja isianguke mchangani.

Sili ya zamani itoe kwa bisibisi pana. Lakini usikimbilie kupachika mpya. Tazama shina la ekseli, lile habu ilipokuwa imekaa, pale nyuma kabisa: kuna pete ya chuma ambayo mdomo wa sili huigusa wakati wote habu inapozunguka. Ifute vizuri, kisha upitishe ukucha wako juu yake taratibu. Kwenye gari hili ukucha unakwama. Sili imechimba mfereji mwembamba kuzunguka pete nzima. Nimewahi kubadilisha sili ya upande mmoja mara mbili ndani ya mwezi mmoja kwa sababu sikuipapasa pete hii, na tangu siku hiyo sifungi habu bila kufanya hivyo. Pete yenye mfereji ikate kwa patasi bila kulijeruhi shina, kisha ipashe moto pete mpya na uigonge kwa upole hadi ikae mahali pake.

Osha beringi, zipake grisi, na utangulize ya ndani kwenye habu. Kisha ingiza sili, mdomo wenye springi ukielekea ndani, kwenye beringi, ukiigonga kwa kipande cha mbao ili isipinde. Rudisha habu, ukaze nati ya kwanza hadi ubaki mchezo (nafasi ya habu kusogea nje na ndani) wa milimita 0.10 hadi 0.15, ndipo uifunge nati ya pili na kukunja washa. Flenji iwekee gasketi mpya.

Lainingi za breki (zile zinazosugua dramu) zilizolowa oili zitupe. Wapo wanaozichoma kwa petroli ili zikauke, lakini oili iliyoingia ndani hurudi juu zikipata moto, na gari huvutwa upande mmoja dereva anapokanyaga breki. Badilisha za pande zote mbili. Vumbi la lainingi za zamani linaweza kuwa na asbesto, hivyo lilowanishe na kulifuta kwa kitambaa. Usilipulize kwa upepo.

Rekebisha breki, rudisha tairi, kisha jaza oili ya gia ya EP 90 hadi kwenye ukingo wa tundu. Difu tupu huchukua takriban lita 1.75. Endesha kilomita ishirini hivi, simama, ushike habu zote mbili. Zikiwa na joto sawa, lala chini na kurunzi uangalie tena upande wa ndani wa tairi, pale palipokuwa na utepe mweusi.