Benidorm: Mji Uliopangwa kwa Mgeni wa Wiki Moja

Ndugu wasikilizaji, Benidorm iko pwani ya Hispania, mkoa wa Alicante. Zamani kilikuwa kijiji cha wavuvi. Mwaka 1956, chini ya meya Pedro Zaragoza, kikapata mpango wa mji. Baadaye kikomo cha urefu wa majengo kikaondolewa, maghorofa yakaota. Leo Gran Hotel Bali peke yake ina mita 186. Mji mzima ulikusudiwa mgeni wa wiki moja. Anayekuja kuhamia inambidi ajipenyeze.

Mara nyingi huyo ni mstaafu wa Kiingereza. Pensheni yake ni ya pauni, matumizi ni ya yuro. Pauni ikiteleza, kapu lake la sokoni linapungua. Nyumba aliyoipenda mwezi Julai inamtetemesha Januari, kwani nyingi za zamani zina sakafu ya vigae na hazina mitambo ya joto. Dalali hasemi hayo.

Nataka tukae zaidi kwenye karatasi. Sheria ya Hispania inamtaka kila anayeishi nchini, raia au mgeni, aandikishwe kwenye daftari la wakazi la manispaa, linaloitwa padrón. Fedha za serikali kuu kwa manispaa hufuata idadi ya majina yaliyomo. Asiyejiandikisha taka zake zinazolewa na maji anatumia, ila kwenye hesabu hayumo. Waingereza wengi waliishi hivyo miaka na miaka. Walikuwa raia wa Umoja wa Ulaya, nani angewauliza?

Tarehe 31 Desemba 2020 kipindi cha mpito cha Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kikaisha. Aliyekuwa hajahalalisha ukaazi wake akageuka mtalii: siku 90 katika kila siku 180. Ana hati ya nyumba, ana mbwa, ana daktari wake wa meno, na bado anahesabu siku. Niseme kweli, simhurumii sana. Sisi tunaoomba viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hesabu hiyo tunaijua kwa moyo.

Waliojiandikisha mapema wamepata hata kura. Mkataba wa Januari 2019 baina ya Uingereza na Hispania unawaruhusu kupiga kura na kugombea katika chaguzi za manispaa, baada ya miaka mitatu ya ukaazi halali.

Ndugu yangu pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Brexit. Karibu, uliza.