Dola Milioni 14 kwa Kiti Kimoja cha Ubunge

Hamjambo watazamaji wangu. Leo tuzungumze pesa na siasa za huku Marekani. Kwetu Kenya, tukisema uchaguzi haukuwa wa haki, akili inakimbilia Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo: nani alijaza, nani alibadilisha. Huku nimejifunza kuangalia mapema zaidi, miezi kadhaa kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

Chukueni mchujo wa chama cha Democratic wa Juni 2024, eneobunge la 16 la New York, upande wa Westchester na kipande cha Bronx. Mbunge Jamaal Bowman alikuwa akikosoa vikali vita vya Israeli huko Gaza. Mpinzani wake, George Latimer. Sasa AIPAC, kundi linalowashawishi wabunge waiunge mkono Israeli, lina mfuko wake wa kampeni, United Democracy Project. Mfuko huo ulimwaga zaidi ya dola milioni 14 pale. Milioni 14 jamani, mchujo tu, kiti kimoja! Bowman akaanguka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba matangazo yao mengi hayakuitaja Israeli kabisa. Yalimshambulia kwa kuupinga mswada wa Biden wa barabara na madaraja. Mama wa watu kakaa sebuleni Yonkers anaonyeshwa madaraja kila jioni, hajui anayelipia anataka nini. Mwaka huohuo California, mfuko wa Fairshake wa kampuni za sarafu za kidijitali ulitumia kama dola milioni 10 kumpinga Katie Porter aliyewania useneta. Sarafu hazikutajwa.

Haki ya Latimer nayo tuiseme. Amehudumu Westchester miaka mingi, watu wanamjua. Huenda angeshinda hata bila pesa zile. Lakini wapiga kura wa pale hawakupewa nafasi ya kulijua hilo.

Na yote ni halali. Kwenye uchaguzi huo wa 2024, mwananchi mmoja hakuruhusiwa kumpa mgombea zaidi ya dola 3,300 kwa kila uchaguzi. Ila tangu hukumu za mahakama za 2010, kuanzia kesi ya Citizens United, mifuko hii wanayoiita super PAC inatumia kiasi chochote, mradi isipange mambo pamoja na mgombea. Mlango wa mbele umefungwa kwa kufuli, ukuta wa nyuma haupo.

Angalau huku ukiingia kwenye tovuti ya tume yao ya uchaguzi, FEC, unawaona wachangiaji wengi wakubwa kwa majina. Sisi tuna Sheria ya Fedha za Kampeni tangu 2013. Tume yetu ya uchaguzi, IEBC, ilipotangaza viwango 2021, wabunge wakavikataa, na 2022 tukaingia uchaguzini bila kikomo. Kwa hiyo 2027 mgombea akitua uwanja wa shule na chopa, kabla hajashika kipaza sauti, muulizeni mbele ya watu: hii chopa imelipiwa na nani, na anatarajia nini kwako?