Chombo Kabla ya Brashi: Kusoma Urithi wa Wahindi wa Uganda Ndani ya Nyumba ya Duka

Mhadhara kwa watunza makumbusho, wenye nyumba za zamani na wanafunzi wa historia, Jinja

Wazee wetu, ndugu watunza makumbusho, wenye nyumba, nanyi wanafunzi, karibuni.

Jambo la leo ni moja. Chombo kilichotoka katika nyumba ya Mhindi hapa Uganda hupoteza sehemu kubwa ya habari zake siku ile kinapohamishwa na kusuguliwa kabla hakijaandikwa. Lazima tujue kilikaa chumba gani, nani alikishika kila siku, na nani alikitumia baada ya Novemba 1972, Wahindi walipokuwa wamefukuzwa nchini. Mambo ya kung'arisha na kupanga kabatini yatafuata.

Historia mnaijua, nitaipita haraka. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu 1901. Vibarua wa mkataba wapatao 32,000 waliletwa kutoka India ya Waingereza, wengi wakarudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Lakini msidhani kila mwenye duka alikuwa mjukuu wa kibarua wa reli. Wengi walikuja kwa nauli yao, wakiitwa na shemeji au binamu, kutoka Kutch, Kathiawar, Gujarat, Punjab na Goa. Allidina Visram alianzia pwani, akafungua duka Kampala kabla reli haijafika ziwani. Nanji Kalidas Mehta alifungua kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafungua cha Kakira mwaka 1930. Hao wameandikwa vya kutosha. Nyumba ya makumbusho ina deni kwa wengine: dukawala, yaani mwenye duka dogo, wa trading senta, fundi cherehani wa Kigoa, seremala Singasinga, na mpishi wa Kisoga, kabila la hapa Jinja, aliyewasha sigiri yao, jiko la makaa, alfajiri.

Tuitazame nyumba yenyewe. Mbele kuna baraza, juu yake ukuta wenye jina na mwaka, kama mnavyoona Main Street hapa. Nyuma ya baraza ni duka, kisha stoo, kisha vyumba vya familia, kisha ua wenye jiko na bomba, na mwisho kabisa mlango wa uchochoroni. Mlango huo wa nyuma ndio walioingilia wafanyakazi, kuni, maji na makaa. Makumbusho inayofungua mlango wa mbele tu kwa wageni imekwisha kufuta nusu ya waliokaa humo.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuchora ramani ya vyumba. Kila chumba kipewe herufi, kila ukuta namba, na kila kitu kipigwe picha tatu kabla hakijaguswa: ya chumba kizima, ya mahali pake, ya chenyewe kikiwa na rula pembeni. Andikeni kwa penseli, maana wino wa kalamu ukilowa huvuja na kuchafua kitu. Pale kitu kinapokuwa kimehamishwa na wapangaji wa miaka ya nyuma, andikeni mahali kilipokutwa na mahali kinapodhaniwa kilitoka, katika mistari miwili tofauti. Ukichanganya dhana na kilichoonekana, mtunza atakayekuja baada yako hataweza kuvitenganisha.

Sasa shikeni sufuria ya shaba ya manjano. Mkono wa kwanza wa kila mtu hutafuta dawa ya kung'arishia, na hapo ndipo hasara inapoanza. Familia nyingi za Kigujarati zilichonga majina kwenye vyombo, hasa vile vya harusi. Fundi alitumia patasi ndogo, akagonga vitone vidogo vidogo vilivyopangana kuwa herufi: jina la bibi harusi au la baba yake, pengine na mji na mwaka. Vitone hivyo vina kina kidogo sana. Kila mara dawa ya kung'arishia inapopita, inaondoa tabaka jembamba la shaba. Baada ya miaka kadhaa ya kusugua, jina limekwisha. Tena dawa hiyo huacha unga mweupe ndani ya vitone, na unga huo hunyonya unyevu na kuanzisha kutu ya kijani.

Fanyeni hivi. Zimeni taa za chumba, washeni tochi moja, ilazeni karibu na chombo hadi mwanga upite juu ya uso wake kwa ubavu. Vitone vitatoa vivuli. Zungusheni chombo polepole mkitazama shingo, ubavu chini ya ukingo, na kitako. Pigeni picha. Msipake chaki wala unga ili herufi zionekane. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu, na mafuta ya jikoni yaliyoganda yaachwe mpaka iamuliwe kama ni uchafu au ni ushahidi wa matumizi. Masizi kwenye kitako husema chombo kilipikiwa. Sufuria isiyo na masizi na iliyochakaa ukingoni huenda ilikuwa ya maji.

Mwaka ukiwepo, someni kwa uangalifu. Tarakimu ya 1 ya Kigujarati hufanana na 9 yetu, na wengi wamepotelea hapo. Kisha mwaka wenyewe mara nyingi ni wa Vikram Samvat, kalenda ya Kihindu. Katika hesabu ya Gujarat mwaka huanza siku inayofuata Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, Oktoba au Novemba. Kwa tarehe za tangu hapo hadi Desemba, toeni 57, na kwa tarehe za kuanzia Januari, toeni 56. Samvat 1989 basi ni sehemu ya 1932 na sehemu kubwa ya 1933. Watu wa Kutch walianza mwaka wao mwezi wa Ashadh, Juni au Julai, kwa hiyo mpaka wa mwaka unasogea ingawa namba za kutoa ni zile zile. Kama mwezi haukuandikwa, andikeni miaka yote miwili, msichague mmoja.

Aina ya herufi husaidia pia kujua nyumba ni ya nani. Msiandike "Mhindi" kwenye kadi mkaridhika. Kigujarati kilitumiwa na Wahindu wa koo nyingi na pia na Waismailia, Waislamu wafuasi wa Aga Khan. Mabohora, nao Waislamu, waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, na familia yao ilikula pamoja kwenye sinia moja kubwa lililoinuliwa juu ya kigoda. Singasinga waliandika kwa Gurmukhi, herufi za Kipunjabi. Wagoa walitumia herufi za Kirumi, na kwao mtakuta misalaba, rozari na picha za watakatifu. Sinia kubwa peke yake halithibitishi kitu, kwani vyombo viliuzwa na kuazimwa baina ya majirani. Tafuteni ushahidi wa aina mbili walau kabla ya kutaja jamii.

Kuna vitu ambavyo havifai kukaa kwetu bila ruhusa. Mkikuta Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Singasinga, acheni kupiga picha za kurasa. Vueni viatu, funikeni kichwa, funikeni kitabu kwa kitambaa safi, kiwekeni mahali palipoinuka, kisha piteni gurdwara, nyumba yao ya ibada, mkawaite wahusika. Kwa Masingasinga kile ni Guru aliye hai, na nakala iliyochakaa ina mazishi yake. Sanamu za ibada za Kihindu zilizovunjika kwa desturi hupelekwa majini, kwa hiyo waulizeni watu wa hekalu kabla ya kuziunganisha kwa gundi. Kama wao wenyewe wameridhia sanamu ibaki, msifute unga mwekundu wala moshi wa samli usoni pake. Huo ndio uhai wake wote uliobaki.

Nguo. Sari ya harusi mara nyingi ina zari, yaani uzi wenye hariri ndani na madini yaliyozungushiwa nje, mara nyingi fedha iliyopakwa dhahabu. Ikikunjwa miaka mingi kwenye mkunjo ule ule, madini huvunjika na hariri hukatika mstari mmoja ulionyooka kama aliyekata kwa wembe. Ivilingisheni kwenye bomba la karatasi ngumu lililofunikwa karatasi isiyo na asidi. Karatasi hiyo isipopatikana, tumieni amerikani isiyopaushwa, iliyofuliwa mara mbili kwa maji ya moto bila sabuni ya manukato ili wanga wa kiwandani utoke. Zari iwe upande wa nje wa mviringo. Msiifue sari yenyewe, rangi nyekundu za zamani huvuja. Vidonge vya nondo viondolewe masandukuni. Mvuke wake si mzuri kwa mapafu yenu. Kwenye maonyesho, mwanga usizidi luksi 50, na nguo ipumzishwe gizani baada ya miezi michache.

Wadudu wa nguo na mbao ndogo tunaweza kuwaua kwa friza ya kawaida. Fungeni kitu kwenye nailoni, toeni hewa, zibeni kabisa, kisha kiweke nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka, kisifunguliwe kwa saa 24, ili matone ya maji yatokee nje ya nailoni badala ya juu ya kitu. Tatizo la kwetu ni umeme. Ukikatika usiku friza ikapata joto, mayai ya wadudu hupona, na siku zenu zote zimekuwa bure. Wekeni kipimajoto chenye kumbukumbu ndani, na hesabu ianze upya kila joto lilipopanda. Picha za kioo, mbao zilizopakwa rangi na fanicha yenye nakshi ya pembe visiingie friza kabisa.

Mchwa ni habari nyingine, hao hutoka ardhini. Makabati yasigusane na ukuta, yaachiwe nafasi ya kupitisha mkono, na kila wiki mtu amulike nyuma yake akitafuta vijia vya udongo.

Unyevu ndio adui mkubwa katika mji wa kando ya ziwa. Ukungu huanza kushamiri unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70. Wajenzi wa nyumba hizi walilijua jua na mvua yetu: wakaweka dari za juu sana, baraza pana, na matundu ya hewa chini ya paa. Sisi tumekuja tukaziba matundu kwa saruji kwa hofu ya popo na wezi, halafu tunashangaa vitabu vinaota ukungu. Zibueni, wekeni wavu. Kuta zilizopakwa lipu ya chokaa zisitengenezwe kwa saruji tupu, kwani maji hunaswa ndani na tofali huanza kumeguka. Fundi achanganye chokaa moja kwa mchanga tatu, aloweshe ukuta, apake tabaka zisizozidi milimita 10, na azifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Ikikauka upesi itapasuka.

Nije kwenye umiliki, na hapa naomba wenye nyumba wanisikilize. Amri ya Idi Amin ya Agosti 1972, ya kuwafukuza Wahindi, iliwapa watu siku 90. Waliondoka makumi ya maelfu, familia ikiruhusiwa kubeba takriban pauni 50, na mali ikabaki. Nyumba zikaingia mikononi mwa bodi ya udhamini, wakakaa wanajeshi, watumishi wa serikali, wapangaji. Sheria ya 1982 ikafungua njia ya wenyewe kudai mali zao, na wengi walirudishiwa miaka ya 1990. Kwa hiyo anayewaletea bembea au cherehani huenda aliikuta, huenda alinunua, huenda aliachiwa na mwajiri wa mama yake kwa maneno tu. Yote matatu ni historia halali ya kitu. Andikeni maelezo yake kama alivyoyatamka, asaini nakala mbili za hati ya zawadi au ya mkopo, na msimhoji kama mshitakiwa. Mama aliyetunza bembea ile tangu wakati huo amefanya kazi yetu bila mshahara. Jina lake liwe kwenye lebo pamoja na la familia iliyoinunua mwanzo.

Namalizia na madaftari ya duka, ambayo kwangu yanashinda dhahabu yote ya zari. Ni marefu, yana jalada la kitambaa chekundu na uzi wa pamba wa kuyafungia. Ukurasa wa kwanza mara nyingi una alama za heri, kwa sababu daftari jipya lilibarikiwa siku za Diwali. Hesabu zikiwa kwa rupia, mko kabla ya mageuzi ya fedha ya mwanzo wa miaka ya 1920. Zikiwa kwa shilingi, mko baada yake. Msibandike seloteepu popote. Msilazimishe mgongo ufunguke wote, wekeni mito pande mbili, pigeni picha kwa dpi 400, yaani nukta 400 kwa inchi, ukurasa kwa ukurasa, hata ule mtupu.

Kuyasoma kunahitaji watu wawili mezani. Dukawala aliandika majina ya wateja kama alivyoyasikia, kwa herufi za Kigujarati. Msomaji wa Kigujarati peke yake atatamka sauti asijue kama ni mtu, kijiji au aina ya kitenge. Msoga aliyekaa kando yake atasikia Waiswa, Tenywa, Babirye, na atajua hapo kuna mapacha waliokopa chumvi na jembe wakingoja msimu wa pamba. Mmoja atamke, mwingine aandike, wa tatu arekodi sauti. Pasipo uhakika pawekwe alama ya kuuliza na sauti ihifadhiwe, asije mtu akanyoosha jina kwa kubahatisha.

Madeni hayo yana wajukuu wanaoishi mjini humu. Kurasa zenye majina kamili na kiasi kinachodaiwa zisitundikwe ukutani wala kuwekwa mtandaoni kabla familia hazijaulizwa. Onyesheni jalada, onyesheni ukurasa wa heri, onyesheni ukurasa mmoja wa bidhaa na bei. Mengine yapatikane kwa anayekuja kuomba, mezani, mtunza akiwapo.

Maswali sasa. Waliokuja na vyombo, viwekeni pale kwenye meza yenye amerikani, na tafadhali msivifute vumbi kwanza.