Hesabu Taa Kwanza

HAMISI: Dada Neema, ile picha ya harusi ya binamu yako kule Birmingham, nimeikuza kwenye simu mpaka nikaona vumbi kwenye tairi.

NEEMA: Na bibi harusi je, umemwona?

HAMISI: Nimeona gari. Leo tulitambue ni aina gani.

NEEMA: Haya bwana. Mimi nasema Rolls-Royce. Si kile kisanamu cha mwanamke kile pale mbele?

HAMISI: Kisanamu kiache. Ni kazi nzuri ya Charles Sykes, ya 1911, lakini kinafungwa na kufunguliwa. Tazama shoo ya mbele, ile grili. Imekaa kama hekalu la Kigiriki: nguzo zimesimama, juu kona kali. Ya Bentley ina mabega ya duara. Na hiyo ya Rolls imebinuliwa kidogo makusudi, maana ingenyooka kabisa, jicho lingeiona imebonyea.

NEEMA: Mafundi hao wana wazimu.

HAMISI: Ndiyo raha yenyewe! Sasa ona bodi inavyoteremka taratibu kutoka taa ya mbele, halafu inanyanyuka tena kwenye gurudumu la nyuma. Hiyo ni Silver Cloud, ilitoka 1955. Silver Shadow ya 1965, mimi naiona boksi tu.

NEEMA: Utatukanwa leo. Cloud ziko tatu, hii ni ipi?

HAMISI: Hesabu taa. Cloud III ina nne, mbilimbili kila upande, na boneti imeshushwa. Hii ina moja moja, kwa hiyo ni ya kwanza au ya pili. Hapo kwa nje ni pacha. Ya pili, ya 1959, iliwekewa injini ya V8 ya lita 6.2 badala ya silinda sita za mstari, lita 4.9. Mpaka ufunue boneti.

NEEMA: Basi tumemaliza.

HAMISI: Bado. Kifuniko cha gurudumu la nyuma kina herufi B.

NEEMA: B ya Birmingham!

HAMISI: B ya Bentley, dada. Rolls-Royce waliinunua Bentley 1931, na pale kiwandani kwao Crewe, Uingereza, walitoa Bentley S yenye bodi ileile. Wapo wanaochukua Bentley wakaivisha uso wa Rolls.

NEEMA: Labda waliazima vifuniko tu.

HAMISI: Inawezekana. Ndiyo maana nilitaka kuiona boneti. Ya Rolls ina kingo zinazofuata kona za shoo, ya Bentley imeviringika. Anayebadilisha uso inabidi abadilishe na boneti, na hapo ndipo wengine huonekana.

NEEMA: Na kwenye picha?

HAMISI: Shangazi yako ameiegemea na gauni lake lote.

NEEMA: Binamu alikodi kwa bei ya Rolls, ujue.

HAMISI: Basi hiki kipindi asikisikilize.