Kisima Hakijapona Mpaka Mvua Ipite: Mhadhara kuhusu Majaribio ya Kusafisha Udongo na Maji ya Ardhini

Ndugu wahandisi wa maji, ndugu wanafunzi, na ninyi wazee wetu mliokubali kuja kutusikiliza, nawashukuru kwa kujaza ukumbi huu.

Nimeombwa nizungumzie namna tunavyozijaribu, palepale uwandani, njia za kusafisha udongo na maji ya ardhini yaliyochafuliwa. Nitajikita katika jambo moja, nalo ni muda wa jaribio, kwa sababu naamini hapa ndipo tunapokosea zaidi, na anayelipa gharama ya kosa hilo ni mwananchi anayechota maji.

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki katika kazi ya kusafisha eneo ambalo tangi la dizeli lililofukiwa ardhini lilikuwa limevuja. Tulianza mwezi Juni. Tulivuta maji kwa pampu, tukayapitisha kwenye mapipa ya mkaa unaonasa mafuta, na ilipofika Septemba maji ya visima vya uchunguzi hayakuwa na harufu wala rangi, na majibu ya maabara yakawa mazuri. Ripoti ikaandikwa, pampu zikang'olewa. Januari, mvua zikiwa zimekolea, nilirudi peke yangu nikashusha kopo la sampuli katika kisima kilekile. Lilipopanda, juu ya maji palikuwa na utando mwembamba uliometameta kama upinde wa mvua, na harufu ya dizeli ikanijaa puani kabla sijaliinamia.

Sababu yake si ngumu kueleza. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake. Maji yaliposhuka, kwa kiangazi na kwa pampu zetu wenyewe, dizeli nayo ilishuka, lakini njiani sehemu yake ikanasa katika vitundu vya udongo. Tulichofanya kwa miezi ile ni kuyashusha maji mbali na uchafu, uchafu wenyewe ukabaki juu, ndani ya udongo, ukisubiri. Maji yalipopanda yakaukuta pale ulipo.

Kwa mkoa wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mvua ya Dodoma huja kwa msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na vipimo vya miongo mingi katika bonde la Makutupora, lililolinywesha jiji hili kwa miaka mingi, vinaonyesha kuwa maji ya ardhini hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Hupungua polepole kwa miaka, kisha mvua kubwa, kama zile za El Niño za 1997/98, huyainua kwa kishindo. Kwa hiyo jaribio linaloanza na kwisha ndani ya kiangazi kimoja limeiona ardhi hii ikiwa imelala.

Wenzetu waliofanya kazi hii kwa subira wametuachia mifano. Mwezi Agosti 1982, katika kambi ya kijeshi ya Borden, jimbo la Ontario nchini Kanada, watafiti walimimina ardhini takriban mita 12 za ujazo za maji yenye kloridi na bromidi, yaani chumvi zinazosafiri pamoja na maji, na kemikali tano za kikaboni, kisha wakafuatilia mwendo wake kwa miaka ipatayo mitatu, wakichukua sampuli kutoka katika maelfu ya vituo vidogo. Maji yale yalitembea takriban sentimita 9 kwa siku, na zile kemikali za kikaboni zikabaki nyuma kwa kuwa ziling'ang'ania udongo. Naomba tupige hesabu pamoja: kwa mwendo huo, jaribio la wiki 2 limeyaona maji yakienda mita moja na robo tu, urefu usiofikia hata wa meza hii ninayoiegemea.

Mfano mwingine ni wa Elizabeth City, North Carolina, Marekani, ambako mwaka 1996 ulijengwa ardhini ukuta wa chembe za chuma wenye urefu wa mita 46, kina cha mita 7.3 na unene wa mita 0.6, ili maji yenye kromiamu, metali yenye sumu, na kiyeyusho chenye klorini, yaani kemikali ya kuyeyushia mafuta na grisi, yapite ndani yake na kusafishwa na chuma. Ukuta huo ulifuatiliwa kwa miaka 15. Chuma hupata kutu na vitundu vyake huweza kuziba, na hilo huwezi kulijua kwa kutikisa chupa maabara.

Kuhusu nitreti, kemikali inayotoka kwenye kinyesi na mkojo wa vyoo vya shimo na kuingia majini, nitasema neno moja: maadamu choo bado kinatumika upande wa juu wa kisima, hakuna njia ya kusafisha inayostahili kujaribiwa hapo kabla choo hicho hakijahamishwa.

Pendekezo langu, basi, ni hili. Kila jaribio mkoani kwetu lianze kupimwa Oktoba, kabla ya mvua, na vipimo viendelee mpaka Mei, kisha visima viachwe bila kuvutwa na kupimwa upya katika msimu unaofuata. Kisima kimoja kichimbwe upande maji yanakotokea, kisiguswe na dawa yoyote, ili tuwe na cha kulinganisha. Na fedha za kurudi mara ya pili zitengwe katika mkataba tangu siku ya kwanza, kwani mara nyingi ile safari ya Januari haifanyiki kwa kukosa mafuta ya gari.