Kisado kimoja ni kilo ngapi?

(Muziki wa kufungulia unashuka.)

NASRA: Haya, tuko hewani kutoka Arusha. Nasra hapa, na Elinami yuko upande wake wa dirishani kama kawaida. Leo karatasi ina mambo matano: duka la Mangi, yaani muuza duka wa mtaani, soko, supamaketi, kununua mtandaoni, na jinsi ya kugawa manunuzi ya mwezi.

ELINAMI: Karatasi ninayo mimi, dada. Ila mezani umeweka kisado, kopo la kupimia la sokoni, na kwenye karatasi kisado hakimo.

NASRA: Hiki ndicho kilichonipa kazi wiki hii. Jumatano, soko la Kilombero, maharage ya njano, kisado 8,400. Nyumbani nikayapima kwenye mzani: kilo 3. Nikarudi kwa muuzaji nikanunua na kisado chenyewe.

ELINAMI: Umenunua kipimo cha mtu!

NASRA: Nimekinunua ili nikipime. Kisado ni kopo la rangi la lita 4. Lita moja ya maharage makavu ina gramu 800 hivi. Kikisawazishwa juu, bila kilele, upate kilo 3.2. Mahindi ni mepesi kidogo, kisado chake ni kama kilo 2.9. Sasa gramu 200 zangu zimekwenda wapi?

ELINAMI: Kigeuze. Hicho hapo, kitako kimeingia ndani.

NASRA: Sentimita 1 tu. Kopo lina upana wa sentimita 18. Kitako kikiingia sentimita 1, imekula robo lita, na robo lita ya maharage ni gramu 200. Kwa macho ya juu huoni kitu, kwa sababu muuzaji anakuonyesha mdomo wa kopo, hakuonyeshi kitako.

ELINAMI: Lakini hukuomba kilele? Kilombero huondoki bila nyongeza.

NASRA: Nilimwacha apitishe kiganja. Ndiyo kosa lililofanyika pale.

ELINAMI: Basi hapo niongee mimi, kwa sababu kilele ndicho watu hawakijui. Kilele cha kopo pana kama hili, maharage yakimwagwa taratibu mpaka yaanze kuporomoka pembeni, ni karibu gramu 300. Kwa hiyo kisado kilichobonyea lakini chenye kilele kinakushinda wewe mwenye kisado kizima kilichosawazishwa. Na angalia umbo. Kopo jembamba refu, hata likiwa la lita 4 zilezile, kilele chake ni kidogo sana. Likiwa na upana wa sentimita 14, kilele hakifiki gramu 150. Muuzaji anayejua kazi anatumia kopo jembamba na anakujazia kilele kwa moyo mweupe.

NASRA: Na kutikisa?

ELINAMI: Mwambie atikise kabla ya kilele. Akishakitikisa, punje zinakaa, maharage yanashuka kidogo, anaongeza. Ukimwambia atikise baada ya kilele, kilele kinaporomoka na kurudi kwenye gunia lake.

NASRA: Mkisikiliza hapo, fuateni mpangilio: geuza kopo uone kitako, ajaze, atikise, ajaze tena, ndipo kilele. Na kama una kisado chako nyumbani, kipime kwa maji. Chupa mbili za lita moja na nusu na moja ya lita moja, jumla lita 4. Maji yakifurika kabla chupa ya mwisho haijaisha, kiasi kilichobaki kwenye chupa ndicho unachopunjwa kila siku.

ELINAMI: Tuseme na unyevu. Maharage yasiyokauka vizuri ni mazito, kwa hiyo huyo anayeuza kwa mzani ndiye wa kuogopa kwenye unyevu. Unalipa maji. Chukua chupa kavu ya glasi, weka maharage theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa, iache dakika 10 au 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, hayo hayawekeki akiba. Ikirudi chini bila kuganda, weka ndani.

NASRA: Na mzani wenyewe uwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Wanahakiki kila mwaka. Ukinunua kwa gunia, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni kosa kisheria, gunia la mazao lisizidi kilo 100. Watu wanaifurahia lumbesa wakidhani wamepewa zawadi, kumbe anayeumia ni mkulima kule Karatu.

ELINAMI: Turudi kwenye karatasi.

NASRA: Turudi. Kilo 3 kwa 8,400 ni 2,800 kwa kilo. Supamaketi siku hiyohiyo, maharage yaleyale, 3,100. Soko limeshinda hata kwa kopo bovu.

ELINAMI: Mangi wa pale kwako anauza ngapi?

NASRA: 3,200.

ELINAMI: Kilo 3 kwake ni 9,600. Ulikwenda Kilombero kwa miguu?

NASRA: Kwa hiace. 600 kwenda, 600 kurudi.

ELINAMI: 8,400 na 1,200 ni 9,600. Shilingi kwa shilingi, dada! Umepanda gari, umesukumana, umepunjwa gramu 200, umefika palepale alipo Mangi.

NASRA: Hakuna anayepanda gari kwa kisado kimoja, kaka. Mimi nilikuwa na mengine ya kununua. Visado vinne kwa safari moja, nauli inakuwa 300 kwa kila kimoja, na hapo unaokoa 900 kila kisado. Kanuni ni nyepesi: gawanya nauli kwa tofauti ya bei ya kilo. Nauli 1,200, tofauti 400, ni kilo 3. Chini ya hapo nunua mtaani, juu ya hapo nenda sokoni. Supamaketi tofauti na Mangi ni 100 tu, kwa hiyo mpaka ufike kilo 12 za kitu hichohicho.

ELINAMI: Hesabu nzuri kwa mwenye hela ya visado vinne. Mwenye 2,000 mkononi leo?

NASRA: Huyo ndiye anayeumia zaidi. Sukari kilo 3,000, robo 800. Nyumba ya kilo 6 kwa mwezi inanunua robo 24, kila moja imezidi 50. Ni 1,200 kwa sukari peke yake. Weka mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, majani ya chai ya pakiti ndogo.

ELINAMI: Na hiyo 50 si wizi. Gunia la sukari la kilo 50 ni robo 200. Kila robo ikizidi gramu 5 tu, mkono ukiteleza kidogo, kilo nzima imepotea. Weka mfuko wa kufungia, weka mtu anayesimama dukani kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku. Halafu daftari la mkopo. Tarehe 22, hela imekwisha, supamaketi gani itakuandikia unga?

NASRA: Daftari ndilo ninalolipinga. Ukidaiwa 20,000 huwezi kupita mbele ya duka na mfuko wa sokoni. Unaendelea kununua hapo kwa bei yake hata siku una hela. Mkopo usioandikwa riba, riba yake iko kwenye bei ya kila kitu, na anayelipa taslimu anaibeba na yeye.

ELINAMI: Mikopo ya simu inakata ada siku hiyohiyo, na ukichelewa wanakupigia mpaka shemeji. Mangi anakusubiri. Yeye mwenyewe kachukua bidhaa duka la jumla kwa mali kauli, anasubiriwa, ndiyo maana anaweza kukusubiri. Mtaa wenye msiba usiku wa manane, unga na sukari vinatoka kwake kwanza, hesabu baadaye.

NASRA: Msiba si kila siku. Bei ni kila siku.

ELINAMI: Na maduka makubwa yenye matawi yanaondoka. Shoprite waliuza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014, pale TFA, hapa Arusha, tuliona bango likibadilika. Supamaketi za Uchumi wakafunga hapa Tanzania 2015. Nakumatt nao hawapo. Jumia, wale wa kuuza mtandaoni, wakafunga Tanzania 2019. Mtaa uliomwacha Mangi wake kwa ajili yao ulibaki na nini?

NASRA: Maduka ya mtaa yanafungwa pia, Elinami, ila hayatangazwi. Kodi ya fremu ikipanda unakuta kufuli tu. Siwezi kumwambia mama wa watoto wanne alipe 1,200 zaidi ili duka lisifungwe.

ELINAMI: Mimi namwambia. Namwambia kabisa.

NASRA: Na mimi namwambia apange na majirani wawili, wachange, mmoja apande hiace, wagawane kwa mzani.

ELINAMI: Tarehe 22 wakachange nini?

NASRA: Wachange tarehe 2.

ELINAMI: Hapo hatukubaliani.

NASRA: Hatukubaliani. Fundi mitambo ananionyesha vidole vinne. Dakika nne!

ELINAMI: Kwenye karatasi bado tuko jambo la kwanza.

NASRA: La mtandaoni tu, kwa haraka, maana mmetuma ujumbe mwingi. Blenda, pasi, heta: kabla ya kutuma hela Kariakoo, omba picha ya kibandiko cha nyuma. Isomeke volti 220 mpaka 240, hezi 50. Ikisomeka 110 au 120, ukiichomeka kwenye umeme wetu inaungua siku hiyohiyo, na adapta ya plagi haibadilishi umeme, inabadilisha miguu tu.

ELINAMI: Ongeza kwenye bei usafiri wa basi, ada ya kutuma hela, na bodaboda kutoka ofisi ya basi. Na fungua mzigo palepale kaunta, simu ikirekodi tangu gundi ya boksi haijakatwa. Ukishafika nao nyumbani, kila mtu atasema ulivunjikia kwako.

NASRA: La kugawa manunuzi ya mwezi...

ELINAMI: Halitoshi. Wala la supamaketi, wala mafuta ya lita na kilo.

NASRA: Hilo la mafuta niliseme, lita 5 na kilo 5 si kitu kimoja! Lita moja ya mafuta ni gramu 920 hivi, kwa hiyo kilo 5 ni karibu lita 5 na nusu. Someni dumu kabla ya...

ELINAMI: Muziki umeshaanza, dada.

NASRA: Kisado kinabaki hapa studio. Mwenye chake aje nacho, na chupa zake tatu za maji.

(Muziki.)